Kinanda Kisichoungua: Kwa Nini Kinanda Kikuu cha Notre-Dame Kilifunguliwa Chote

Jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, paa la kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris lilipokuwa likiteketea na mnara wake mwembamba kuporomokea ndani, wengi waliotazama waliamini kwamba kinanda kikuu cha kanisa hilo kimekwenda na moto. Hakikwenda. Kipo upande wa magharibi, juu ya mlango mkuu, kati ya minara miwili ya mawe, na ndimi za moto hazikufika hapo. Maji ya wazima moto, ambayo yalikiharibu vibaya kinanda kidogo cha kwaya, yalikipata kidogo tu. Hata hivyo kinanda hicho kilinyamaza kwa zaidi ya miaka mitano, kikafunguliwa kipande kwa kipande, sehemu zake zikasafirishwa hadi warsha za mafundi mikoani, na sauti yake haikusikika tena mbele ya watu mpaka tarehe 7 Desemba 2024. Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza swali lililo sahihi kabisa: ikiwa hakikuungua, kilihitaji kutengenezwa nini kwa muda wote huo?

Kulijibu swali hilo kunatulazimu kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki neno kinanda linamaanisha chombo cha umeme chenye spika, ambacho mpiga kinanda huweza kukibeba kwapani akaenda nacho kwenye jumuiya. Kinanda tunachokizungumzia hapa ni ndugu wa mbali wa hicho. Ni kinanda cha filimbi: hakina spika, na kila sauti unayoisikia imetoka katika filimbi halisi ya madini au ya mbao iliyopulizwa upepo halisi. Asili yake, jambo ambalo si wengi wanalikumbuka, ni bara letu wenyewe, kwani chombo cha kwanza cha namna hii kilibuniwa Aleksandria, Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na fundi aliyeitwa Ctesibius, aliyetumia uzito wa maji kuutuliza upepo.

Kinanda kikuu cha Notre-Dame kina filimbi karibu 8,000, safu tano za vibonyezo vya mikono na safu moja ya vibonyezo vya miguu. Filimbi hizo zimepangwa katika makundi 115 yanayoitwa rejista, na kila rejista ina rangi yake ya sauti. Mpigaji akivuta kishikio cha rejista, anaiamuru safu nzima ya filimbi za aina moja iwe tayari kuitika. Akibonyeza kibonyezo, vali hufunguka chini ya filimbi husika na upepo huingia. Filimbi ndefu kuliko zote ina urefu wa mita 10 hivi na hutoa sauti ya mitetemo 16 kwa sekunde, ambayo mwili huihisi kabla sikio halijaitambua. Zile fupi kabisa, sehemu yake inayolia haizidi urefu wa ukucha.

Filimbi zenyewe ni za jamaa mbili. Jamaa ya kwanza hufanya kazi kama filimbi ya kawaida ya kupuliza: upepo hupita katika ufa mwembamba, hugonga mdomo wa juu, na hewa iliyomo ndani ya mwili wa filimbi hutetemeka. Jamaa ya pili inafanana zaidi na zumari la Waswahili, kwa kuwa sauti huanzia kwenye ulimi unaotetemeka, ingawa hapa ulimi huo ni kipande chembamba cha shaba ya manjano badala ya jani. Tofauti hii itakuwa na maana kubwa tukifika kwenye kazi ya kulinganisha noti, kwa sababu jamaa hizi mbili hazilipokei joto kwa namna moja.

Nyuma ya filimbi hizo kuna kitu ambacho msikilizaji hakioni kamwe, nacho, kwa maoni yangu, ndicho kinanda chenyewe: upepo. Zamani watu walikanyaga mivukuto mikubwa kwa miguu, mfano wa mivukuto ya mhunzi lakini mikubwa mara nyingi zaidi. Siku hizi feni ya umeme hufanya kazi hiyo. Upepo hujaza hifadhi zenye mikunjo, zilizokandamizwa kwa uzito ili msukumo ubaki uleule, kisha hupita katika njia za mbao mpaka kwenye masanduku makubwa ya upepo ambayo filimbi zimesimamishwa juu yake. Msukumo wenyewe ni mdogo mno kuliko watu wanavyodhani. Katika vinanda vingi hautoshi hata kuinua maji kwa sentimita 15 ndani ya mrija. Kwa sababu ni mdogo hivyo, tundu lisiloonekana kwa macho linatosha kuudhoofisha, na filimbi iliyopungukiwa na upepo huimba chini ya noti yake au hukataa kuitika.

Hapo ndipo uzee unapoingia. Mtu asiye fundi hudhani kwamba filimbi ndizo huchakaa, kwa kuwa ndizo anazoziona. Filimbi nzuri, ikitunzwa, hudumu kwa karne nyingi. Kinachozeeka upesi ni ngozi. Mikunjo ya hifadhi za upepo, vali na maungio mengi yamezibwa kwa ngozi laini, aghalabu ya kondoo, iliyogandishwa kwa gundi inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Fundi anapoufungua mkunjo mzee huona jambo moja kila mara: sehemu bapa ya ngozi bado ni nzima na inapinda vizuri, lakini pale kwenye kona, ambapo imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi zisizohesabika, imekauka, imepasuka nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi, na ukiisugua kwa kidole inaacha unga wa rangi ya kutu. Moshi wa viwanda, wa taa za gesi za zamani na wa makaa huharakisha hali hiyo, kwa sababu salfa iliyomo hugeuka asidi ndani ya ngozi. Baada ya miongo michache ngozi hiyo lazima ibadilishwe, na hakuna namna ya kuibadilisha bila kukitoa kila kilichokaa juu yake.

Hata hapo ipo hekima ambayo ningependa mafundi wa kila fani waijue. Gundi ile ya wanyama si dhaifu, lakini ukiitia joto na unyevu huachia. Walioitumia miaka 200 iliyopita walimwachia fundi wa baadaye mlango wazi wa kuingilia. Gundi za kisasa zisizoachia kamwe, ambazo zilitumika katika matengenezo mengi ya karne ya ishirini, zimewalazimu mafundi wa leo kukata mbao nzima ili kuondoa kipande kimoja cha ngozi. Ndiyo maana warsha makini leo zimerudi kwenye sufuria la gundi ya moto.

Mbao nazo zina habari yake. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anajua jinsi mlango unavyovimba wakati wa masika na kugoma kufunga, kisha ukalegea wakati wa kaskazi. Masanduku ya upepo ya mwaloni hufanya vivyo hivyo, isipokuwa humo kuna mamia ya mifereji iliyotenganishwa na kuta nyembamba, na ukuta mmoja ukipasuka, upepo wa noti moja huvuja kwenda noti ya jirani. Mpigaji anabonyeza moja, zinalia mbili. Huko Ulaya adui mkubwa si mvua bali ni mitambo ya kupasha joto makanisa wakati wa baridi, ambayo hukausha hewa ghafla.

Na madini yenyewe, yanayodumu hivyo, hayajasalimika kabisa. Filimbi nyingi ni mchanganyiko wa madini ya bati na ya risasi, na risasi huliwa na mvuke wa asidi ya siki, ambao mwaloni huutoa taratibu kwa miaka mingi. Tatizo hili lilichunguzwa kwa kina mwanzoni mwa karne hii katika kanisa la Mtakatifu Yakobo huko Lübeck, Ujerumani, ambako miguu ya filimbi za karne ya kumi na tano ilikuwa ikitoboka kutoka ndani. Mbao mpya zilizowekwa wakati wa matengenezo huweza kutoa asidi nyingi kuliko za zamani zilizokwisha kutulia, maana yake ni kwamba mtu aliyekusudia kuponya anaweza, kwa ubao mmoja mpya, kuanzisha ugonjwa ambao haukuwapo.

Sasa turudi Paris. Paa la Notre-Dame na mnara wake vilikuwa vimefunikwa kwa mamia ya tani za risasi, na moto uligeuza sehemu ya madini hayo kuwa vumbi la manjano lililotanda kanisa zima. Vumbi hilo ni sumu kwa binadamu, lakini hata lingekuwa unga wa ngano bado lingekuwa msiba kwa kinanda. Filimbi nyingi zimesimama wima na vinywa wazi. Kila kilichoanguka kutoka juu kiliingia ndani yake, kikakaa kwenye ule ufa mwembamba ambao sauti huzaliwa, kikajipenyeza katika vali na mikunjo. Isitoshe, kanisa lisilo na paa halizuii joto wala baridi, na kiangazi cha 2019 Paris ilipata joto kali mno, hivyo mbao na ngozi zilitaabika miezi michache baada ya kunusurika moto. Kupiga kinanda katika hali hiyo kungepuliza sumu juu ya watu na kuisukuma ndani zaidi. Kukisafisha kikiwa kimesimama kusingewezekana, kwa sababu sehemu zilizochafuka zaidi ndizo zisizofikiwa na mkono.

Kazi ya kukifungua ilianza Agosti 2020 kwa kuondoa meza ya vibonyezo, ikakamilika Desemba mwaka huohuo. Mafundi walifanya kazi wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga na walilazimika kuoga kila walipotoka. Filimbi zilitolewa, zikatambuliwa mahali pake, zikafungwa katika makasha. Kabati kubwa la mbao lililochongwa, ambalo ndilo uso wa kinanda unaoonekana kutoka chini, lilibaki juu kwenye roshani yake. Filimbi zikasafishwa moja baada ya nyingine, masanduku ya upepo yakapata ngozi mpya, nyaya na mitambo ya vali ikakaguliwa. Mpaka hapa mtu anaweza kusema kwamba hii ni kazi ya usafi na subira, na atakuwa amekosea kidogo tu.

Ugumu unaanza pale fundi anapouliza: tukirudishe kilivyokuwa lini? Kabati linatokana na kazi ya François Thierry, aliyejenga kinanda hapo mwaka 1733. François-Henri Clicquot alikipanua katika miaka ya 1780. Aristide Cavaillé-Coll, fundi ambaye jina lake hutajwa na wapiga vinanda kwa heshima kuliko la mwingine yeyote wa karne ya kumi na tisa, alikijenga upya na kukizindua mwaka 1868 kikiwa na rejista 86, huku akizihifadhi filimbi nyingi za waliomtangulia. Mwaka 1932 kilifanyiwa matengenezo enzi za Louis Vierne, aliyekipiga tangu 1900 mpaka alipofariki akiwa mbele ya vibonyezo vyake tarehe 2 Juni 1937. Enzi za mpiga kinanda Pierre Cochereau, katika miaka ya 1960, mitambo ya Cavaillé-Coll iliyounganisha vibonyezo na vali iliondolewa na umeme ukawekwa badala yake, na rejista zikaongezwa. Kati ya 1990 na 1992 kompyuta zikaingia. Kila mmoja wa watu hawa aliamini kwamba anakiboresha, na kila mmoja, kwa kuboresha, alifuta kitu.

Wapo wanaosema kwamba uaminifu wa kweli ni kuchagua umri mmoja na kuurudia. Mfano wao bora ni kinanda cha fundi Arp Schnitger katika kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Hamburg, kilichokamilika mwaka 1693. Filimbi zake za mbele zilichukuliwa mwaka 1917 ili bati lake litumike vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili filimbi zilizobaki na masanduku ya upepo vilifichwa, na mabomu ya 1944 yakateketeza kabati. Fundi Jürgen Ahrend alipokamilisha kukirudisha mwaka 1993, alikuwa ameunda upya kila kilichopotea kwa kufuata mkono wa Schnitger, na kilichosikika kilikuwa sauti ambayo hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuisikia ikiwa kamili. Ninaikubali hoja yao kwa Hamburg. Huko kitovu kilikuwa kimoja, filimbi za Schnitger zilikuwa bado zipo, na yaliyoongezwa baadaye yalikuwa machache na hafifu.

Kwa Paris hoja hiyohiyo ingeleta hasara. Ukirudi 1868 unafuta chombo ambacho Cochereau alikipiga kwa takriban miaka 30 na ambacho rekodi zake zimewafundisha wapigaji wa dunia nzima. Ukirudi enzi za Clicquot unamfuta Cavaillé-Coll. Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa wa kiasi, na nadhani ulikuwa sahihi: kisafishwe, kitengenezwe, kisibadilishwe utambulisho wake, kirudi kama kilivyokuwa asubuhi ya tarehe 15 Aprili 2019, pamoja na tabaka zake zote. Nyumba ya mji mkongwe inayokaliwa na watu haihukumiwi kwa kuwa ukuta ni wa babu na mlango ni wa mjukuu, na kinanda kinachotumika kila Jumapili katika ibada kina haki ileile.

Kuunganisha upya kulianza mwaka 2023. Kisha, mwaka 2024, ikaja hatua ambayo haionekani kwenye picha na ambayo ndiyo iliyobeba hatari kubwa kuliko zote: kuzirudishia filimbi sauti zao. Filimbi iliyosafishwa na kusafirishwa si ileile. Imeguswa, imepinda kwa kiasi cha unywele, na kanisa lenyewe limebadilika, kwa kuwa mawe yake yamesafishwa na hewa yake inarudisha sauti kwa namna nyingine. Kazi hii huhitaji ukimya, na mchana kanisa lilikuwa limejaa mashine na nyundo za wajenzi. Kwa hiyo mafundi walikuja usiku, kwa muda wa takriban miezi 6. Ukigawanya filimbi 8,000 kwa siku hizo zote bila kupumzika hata moja, ni zaidi ya filimbi 40 kila usiku.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Mmoja huketi kwenye vibonyezo na kushikilia noti. Mwingine yuko ndani ya kinanda, amesimama kwenye ubao mwembamba kati ya misitu ya filimbi, na mkononi ana vifaa vidogo ambavyo havina maajabu: kisu, kijiti cha chuma, koni ya shaba ya manjano. Filimbi inalia lakini inachelewa kidogo, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema. Anaiinua kutoka kwenye tundu lake, anatazama ule ufa chini ya mdomo, analigusa bamba la ndani kwa kijiti, mguso mmoja tu, anairudisha. Noti inashikiliwa tena. Sasa inaitika upesi, ila imekuwa kali kuliko jirani zake. Anaiinua tena. Madini hayasahau, mguso uliozidi hauondoki kwa mguso wa kinyume, na mdomo ukikatwa juu kupita kiasi hauwezi kurudi chini. Kwa hiyo fundi mzuri hufanya pungufu ya anachodhani kinahitajika, kisha anasikiliza.

Baada ya sauti hufuata kulinganisha noti, na hapa joto ndilo mtawala. Hewa ikipata joto, sauti husafiri kwa kasi zaidi ndani yake, na filimbi hupanda noti: ile iliyolinganishwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde katika nyuzi 10 za Selsiasi hukaribia 448 hewa ikifika nyuzi 20. Filimbi zote za jamaa ya kwanza hupanda pamoja, kwa hiyo baina yao wenyewe hazigombani. Zile za ulimi wa shaba hubaki nyuma, kwa kuwa ulimi haufuati hewa kwa kadiri ileile, na kinanda kilichopatana asubuhi ya baridi kinaweza kuachana kanisa likijaa watu. Ndiyo sababu fundi huandika kiwango cha joto kabla hajagusa chochote, na ndiyo sababu rejista za ulimi hurudiwa mara kwa mara, hata saa chache kabla ya sikukuu, ilhali nyingine huachwa mpaka msimu ubadilike.

Jioni ya tarehe 7 Desemba 2024, Askofu Mkuu wa Paris, Laurent Ulrich, alisimama ndani ya kanisa lililofunguliwa upya na kukiita kinanda kiamke, akikiita chombo kitakatifu. Alikiita mara nane. Kila alipomaliza, wapigaji walimjibu kwa muziki waliouunda papo hapo, na nje, kwenye mto Seine, kulikuwa na dhoruba na upepo mkali. Ndani, upepo uliohitajika ulikuwa ule mdogo uliozuiliwa na ngozi mpya ya kondoo, ukingoja kibonyezo cha kwanza kishuke.